Babu Dunguni, Mjukuu Darasani

Mpendwa mshauri wa redioni, naomba msaada, lakini kwanza ujue unaongea na nani: mimi nikikaa dunguni, juu ya kile kichanja cha kulindia mtama, hakuna ndege anayethubutu kutua. Haya, nimedanganya, wananitulia hadi kofiani, wamenizoea kama shemeji, ila shida yangu si ndege, ni mwanangu, huyu niliyelima naye mgongoni mama yake alipofariki, ambaye msimu huu alimtoa binti yake shule akalinde shamba, nikamwambia, "Mtoto asome, nipande mimi," akacheka, "Baba, ngazi utaiweza?" nikapanda kwa ubishi, mtoto akarudi darasani, mimi na mvi zangu nikawa na kazi ya watoto, na jioni mkwe wangu akiona masuke yamedonolewa ananipunguzia chakula, "Ndege wameshakula kwa niaba yako, baba." Sasa juzi nimeanguka kwenye ngazi, nyonga imevimba, nikiulizwa mbona nachechemea nasema ni maringo, maana nikisema ukweli mjukuu wangu anarudishwa juu, na kila asubuhi akipita na sare yake ananipungia mkono. Niseme, au nife na siri yangu?

Babu wa Dunguni

Babu, pole sana. Sasa nikugombeze. Ukivunja shingo, unadhani mtoto atabaki shule? Mtazikwa asubuhi, wewe na masomo yake, jioni yuko dunguni! Acha maringo. Nenda zahanati leo hii. Kisha mwite shangazi wa huyo mwanao, na mwalimu mkuu awepo, useme mbele yao kwamba umeumia na mtoto hatoki darasani. Dunguni shuka. Funga makopo matupu kwenye kamba, izungushe shambani, wewe kaa chini kivulini uvute ncha. Alfajiri na jioni, ndege wanapovamia, apande mwanao mwenye mtama, miguu anayo. Na mkweo mwambie sahani yako haipimwi kwa tumbo la ndege.

Mshauri, nimefanya. Dada yangu alikuja akamchambua mwanangu kama karanga, mwalimu akashuhudia. Makopo yanalia, mtoto yuko darasani. Ila mwanangu kanuna, ananipita kama nguzo, sahani inaletwa bila neno, na mtoto amekatazwa kukaa na mimi. Basi zile betri mlizoniahidi nilipotegua kitendawili chenu, nitumieni. Redio imeanza kukoroma, na hapa nyumbani ni nyinyi tu mnaonisemesha.