Mkono Ulioshika Kijiko

Jumatatu, 3 Machi

Nimeaibika leo! Insha yangu imerudi ikiwa na wino mwekundu mpaka pembezoni. Na nilivyokuwa nimejigamba – vyanzo kumi na vinne, nani mwingine darasani anavyo kumi na vinne? Mkutubi anayetufundisha utafiti (tunamwita Bi Chanzo, maana hata ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza umeyatoa wapi hayo) akainyanyua orodha yangu, akasema hawa si watu kumi na wanne. Ni mtu mmoja kabadilisha mashati. Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, nisije nikalia.

Akatuonyesha. Kurasa zangu zote za mtandaoni kuhusu maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha zina maneno yaleyale: kijiko kimoja cha chumvi, kijae vizuri, kwa lita moja ya maji. Kisha akafungua kitabu cha wauguzi cha rafu ya chini, kile kinene tunachokikwepa sote. Nusu kijiko cha chai. Kilichosawazishwa kwa kisu. Akasema chumvi ikizidi, mtoto mchanga anaweza hata kufa. Hapo hakuna aliyecheka.

Kazi niliyopewa: nimtafute mwenye shati la kwanza. Ijumaa ya wiki ijayo nisimame mbele ya darasa niseme maneno hayo yalianzia kwa nani.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimefundishwa kusoma ukurasa kuanzia chini! Kichwa cha habari uachane nacho, na daktari anayetabasamu ndani ya koti jeupe uachane naye pia. Shuka mpaka mwisho. Nani kaandika? Lini? Tovuti ni ya nani? Kayatoa wapi? Bi Chanzo anasema ukurasa usiojibu hayo ni mgeni anayegoma kutaja jina mlangoni halafu anauliza chakula kiko wapi.

Kila ukurasa una kadi yake. Kanipa kadi za zamani za maktaba, naandika upande wa nyuma. Mwandishi, tarehe, kanakili kwa nani. Mpaka jioni nimejaza tisa. Sita hazina mwandishi kabisa. Ukurasa mmoja unawashukuru “wataalamu” – wataalamu gani? Kimya. Macho yananiwasha, mgongo unauma, na nimefurahi kupita kiasi. Ni kama kufuata maji sakafuni mpaka uione ndoo iliyotoboka.

Nyumbani kaka kaniuliza mbona nimechelewa. Nikamweleza habari za kadi. Akasema soma, dada, wewe ndiye utakayetutoa kimasomaso. Hakuinua macho kwenye kompyuta. Anaandikia tovuti za watu makala – mpira, nywele, mapishi, chochote anachoagizwa. Tangu mama afariki, meza ile ya kulia chakula ndiyo ofisi yake, nasi tunakula tumepakata sahani.

Alhamisi, 6 Machi

Kadi kumi na nne mezani, kuanzia ya zamani hadi mpya. Kurasa zote zina picha ileile ya kijiko cha chumvi. Kumi na tatu zimeikata, kinaonekana kijiko tu. Ya kwanza haikukatwa. Mkono unaonekana wote.

Kovu la pasi chini ya kidole gumba.

Nikautazama mkono wangu. Nikatazama skrini. Mkono. Skrini.

Bi Chanzo akapita, akauliza nimefika wapi. Nikamwambia mtandao unasumbua. Mimi huyo!

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbili najitia hamnazo. Napika, nafagia, namwambia kaka chai hiyo hapo. Siwezi kumtazama usoni.

Nakumbuka vizuri sana. Mwaka jana, dirishani, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Kaka kashika simu, mimi nimeshika kijiko. Nikaweka nusu. Akasema nusu haionekani kwenye picha, jaza. Nikajaza. Akasema jaza, jaza, ionekane! Nikarundika mpaka chumvi ikamwagika mezani, tukacheka. Sikuuliza picha ni ya nini. Nilidhani ni ya mapishi.

Mwandishi wa ukurasa ule anajiita “Daktari wa Familia”. Kaka yangu hata sindano anaiogopa.

Nimewaza kubadilisha mada. Nimwambie Bi Chanzo kwamba njia imepotea, shati la kwanza halionekani. Nani atajua? Halafu nawaza mama mmoja mahali fulani, simu mkono mmoja, kijiko mkono mwingine. Naona haya. Naona haya hata mbele ya daftari hili.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia.

Sikupanga maneno. Niliweka kadi ya kwanza juu ya kibodi yake, na mkono wangu kando yake. Akatazama kadi, akatazama kovu. Nikamuuliza, “Kaka, uliyatoa wapi haya?”

Akasema aliyatoa kichwani. Alikuwa na makala tatu za kumaliza kabla ya adhuhuri. Alikumbuka tu mama alivyokuwa akituchanganyia tulipougua.

“Lakini mama alikuwa anaweka nusu.”

“Najua. Niliandika nusu. Halafu nikaona picha ina kijiko kilichojaa. Nikaona msomaji atachanganyikiwa. Basi nikabadilisha maandishi yafanane na picha.”

Yaani badala ya kubadilisha picha! Nilipiga kelele, nakiri. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Kaka akageukia kompyuta. Akafungua tovuti kwa nywila aliyopewa, akafuta ukurasa wake, akakaa mikono imelegea mapajani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Kuna mtoto aliyepata madhara?”

Sijui. Hilo ndilo baya zaidi. Hatuna njia ya kujua. Nikamshika bega tukakaa hivyo, nikalia, na nadhani naye alilia.

Halafu nikamkumbusha kwamba zimebaki kumi na tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwaga mtama wote kwa Bi Chanzo. Nilitegemea anifukuze. Akavuta kiti, akakaa, akavua miwani. Akasema amefundisha kazi hii miaka mingi, na wanafunzi wake wote huishia kwa mtu wasiyemjua. Akaniuliza kama kaka amekula leo. Swali gani hilo! Nusura nilie tena.

Lakini hakunipunguzia kitu. Mstari wa mwandishi kwenye kadi ya kwanza bado uko wazi, na akaniambia Ijumaa iko palepale. Niwaandikie wenye tovuti zote, nitaje kitabu, toleo na ukurasa.

Jumatano, 12 Machi

Tumewaandikia wote kumi na watatu, mimi na kaka, bega kwa bega. Wanne wamefuta. Mmoja katutukana. Saba kimya.

Wa mwisho ndio wakubwa, hao ambao watu wengi huwasoma. Wamejibu leo mchana. Wanasema kitabu chetu wamekiona, lakini kila siku wanaandikiwa na watu wanaojiita wajuzi. Wewe ni nani hata tukuamini? Mwandishi wa kwanza ajitokeze mwenyewe, kwa jina lake kamili, akiri kosa. Hapo ndipo wataweka tangazo juu kabisa ya ukurasa na kuwataarifu waliounakili.

Nilikasirika nusu dakika tu. Ni swali zuri. Ningekuwa wao ningeuliza hilohilo.

Lakini jina lake! Wanaompa kazi wote wanasoma pale. Nani atamwagiza makala tena? Nimemwambia naweza kuandika langu, mkono ni wangu, chumvi nilirundika mimi. Akasema, “Wewe ulishika kijiko tu. Acha.”

Saa kumi na moja sasa. Yuko mezani na barua ya kukiri, mimi niko kitini nyuma yake na daftari hili. Ameandika herufi ya kwanza ya jina lake. Ameifuta. Ameinuka kunywa maji, amerudi. Ameiandika tena, ameifuta tena. Simsukumi. Natamani kumsukuma.

Ameniomba, bila kugeuka, nimsomee polepole kile kitabu cha wauguzi nilichokiazima maktaba, aanze na kipimo kwanza. Nimesoma: nusu kijiko cha chai, kilichosawazishwa. Ameandika. Akaniambia nirudie, ahakikishe. Nimerudia. Amelinganisha neno kwa neno na kitabu, kidole juu ya mstari, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Sasa amerudi juu, kwenye nafasi ya jina. Herufi tatu. Hajazifuta bado.