Aliyenishikia Kamba

Chumba cha juu, nyuma ya studio,
Hyderabad.

Kwa mpendwa Dada Sunkulamma,

Pokea salamu za mdogo wako, nyingi za kujaza tela la karanga. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza ukorofi, na shemeji Kistappa ameacha kukohoa, au angalau ameacha kuvuta. Nyati wetu wa maziwa je, amezaa? Na mvua? Huku tumesikia kwamba mawingu ya kwetu yamepita tena bila kusimama, kama basi la moja kwa moja. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima, nimenenepa, na ninafahamika. Ukifika stendi ya Kurnool tazama bango la picha yetu mpya ya sinema. Pale chini ya kwapa la stelingi kuna sikio. Sikio lile ni langu.

Ningeweza kupiga simu dukani kwa Eranna, lakini ya leo hayafai kusemwa huku duka zima limeegemea kaunta linasikiliza. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika, mimi niliyeikimbia shule kabla haijanikimbia. Nataka kukushukuru, Dada, na kuna jambo zito nataka kukuomba. Naanza na shukrani, maana ombi likitangulia hutasoma mbele.

Picha yenyewe ni ya mambo ya kwetu. Mtoto anaona baba yake akiuawa kijijini, anakulia ng'ambo, anarudi na miwani myeusi kuumaliza ukoo wa adui mmoja mmoja, na katikati ya kuua anapata nafasi ya kwenda kucheza na mchumba kwenye theluji. Mimi ni mtu wa adui, kama kawaida yangu. Dada, hakuna mtu mjini hapa anayekufa vizuri kama mimi. Nimekufa kwa risasi, kwa jembe, kwa gurudumu la mkokoteni, na safari moja nilikufa kwa kofi tu kwa sababu stelingi alikuwa anawahi ndege.

Mwongozaji aliposikia ninatoka upande wa kwetu aliniita nikae karibu naye, nikaletewa kiti. Cha plastiki, lakini kina mikono. Akataka niwafundishe watu wake jinsi wanaume wa kwetu wanavyoshika mundu wa vita. Sasa wewe unajua hukuwahi kuniacha nishike mundu hata wa kukatia mtama. Lakini mimi nirudi nyuma mbele ya watu? Nikakunja uso, nikawafundisha unavyoshika mwiko ukisonga ugali wa ulezi. Walinipigia makofi. Na stelingi ndivyo alivyoshika kwenye bango, kamwangalie.

Kisha ikafika sehemu ya shati. Katika picha, mama wa stelingi ameliweka shati la marehemu sandukuni na damu yake, na kila sikukuu analitoa amwonyeshe mwanawe asije akasahau. Mwongozaji akaniuliza kama kwetu hufanya hivyo kweli. Nikamwambia kwamba baba yangu mimi aliuawa hivyo hivyo, njiani akitoka sokoni, na Veeranna wa mtaa wa chini, kwa ugomvi wa matajiri wawili ambao hata mazishini hawakuja, na kwamba mama alikuwa ameshatangulia, nilibaki na dada. Yeye kalamu ameshaitoa mfukoni. Akauliza dada alilifanya nini lile shati. Nikamjibu kwamba dada alilifua, akalikata, akanishonea mkoba wa shule.

Akairudisha kalamu mfukoni. Akasema, "Maddileti, huyo dada yako angekuwa kwenye picha yangu, watu wangerudi makwao kabla ya mapumziko."

Watu wote walicheka, nami nikacheka kuwazidi. Lakini wali wa mchana siku ile nilimwachia mwenzangu. Nilikuwa nawakumbuka wajomba walivyokuwa wanakuja kukaa barazani petu, wanauliza kwa sauti kama nyumba hii ina mwanamume au ina kuku watupu. Wewe uliwapa chai, ukawajibu kwamba kuku hutaga, wao wanataga nini? Na masharubu yangu yalipoanza kuota ukanipakia kwenye basi la huku, nikalia kwa hasira njia nzima, nikidhani umenitupa. Wenzangu waliobaki, Dada, unawajua walipo. Wao wakianguka hawainuki. Mimi naanguka kila wiki, nainuka, najipangusa rangi, nakunywa chai. Ahsante. Sijawahi kukuambia neno hilo hata siku moja, mimi mwenye mdomo mkubwa hivi. Ahsante, dada yangu.

Sasa sikiliza. Katika kazi hii, mtu wa kuruka kutoka juu hufungwa mkanda kiunoni, ndani ya nguo, na kamba yake hupita kwenye gurudumu la chuma huko juu na kushuka upande wa pili, kwenye mikono ya wanaume wanaoivuta. Yule anayesimama mbele ya wenzake kwenye kamba, huyo ndiye roho yako. Ukitaka kugombana na mkeo, gombana. Usigombane na mtu wa mbele.

Mwezi huu tuliletewa mtu wa mbele mpya, mrefu, mkimya, anaitwa Obulesu. Kila mchana anakwenda kula peke yake nyuma ya jenereta. Mimi sipendi mtu ale peke yake, inanipotezea hamu, basi nikabeba sahani yangu nikamfuata. Namkuta na ugali wa ulezi na chachandu ya karanga, ile yetu yenye pilipili za kutoa machozi! Nikapiga kelele, "Wee! Kumbe wa kwetu, unajificha nini?" Nikaketi, nikamega tonge lake bila kuomba, nikamwuliza kijiji. Akataja kijiji chetu, kisha akaacha kutafuna. Nikamwuliza ni mtoto wa nani. Akaweka chakula chini, akanawa, akasimama wima kama mtu aliyeitwa na polisi.

"Mimi ni mtoto wa Veeranna," akasema. "Wewe nilikujua kwa jina tangu siku ya kwanza, kaka. Huku nyuma ya jenereta nilikuwa nakukimbia wewe."

Dada! Tonge lake lilikuwa bado mdomoni mwangu, sijui nimeze au niteme. Akanieleza kwamba baba yake alifia gerezani, na kwamba yeye alikuwa mtoto wa kubebwa siku mama yake alipokimbia naye, baada ya nyumba yao kupigwa mawe. Mama yake huosha vyombo kwenye hosteli moja hapa mjini, na siku hizi kifua kinamsumbua. Hakuomba kitu. Alisema tu. Mwishowe nilimeza, nikaondoka na sahani yangu.

Na kesho yake, usicheke, ndiyo ilikuwa zamu yangu ya kuanguka kutoka juu ya paa la jumba la adui, hadi kwenye ua wa mawe. Asubuhi Obulesu mwenyewe alikwenda kwa mzee Jaleel, mwalimu wetu wa mapigano, akamweleza yote, akaomba atolewe kwenye kamba, ili likitokea lolote mtu asije akasema. Mzee akaniita. Akaniambia uamuzi ni wangu na hakuna atakayenicheka. Muongo mkubwa. Wenzangu walishasikia, wameshaanza. Mmoja anauliza masharubu yangu nimemwachia nani. Mwingine anasema leo mwongozaji atapata kifo cha kweli bila kununua rangi. Nikawaambia masharubu haya hayana mrithi kati yao, kwa nyuso zile.

Lakini ndani nilikuwa nawaza. Nikimwondoa huyu, kesho nitamwogopa aliyesimama nyuma yangu kwenye foleni ya chai. Keshokutwa nitatafuta mahali pa kumvizia ili nisiogope tena. Wewe ulikataa kuweka shati sandukuni, halafu mimi nikalitoe? Nikasema kwa sauti kubwa, hadi wapika chai wakageuka, "Ashike yeye!" Sauti ilikuwa ya stelingi. Mkanda, Dada, niliukaza mara tatu.

Nikapanda. Kutoka juu nilimwona akijizungushia kamba mkononi, na hakuniangalia. Kengele ikalia, nikapigwa teke la uongo, nikaruka, na nikiwa hewani nikasikia chuma kikilia vibaya. Mlingoti wa gurudumu umeinama! Wavutaji wa nyuma wakapepesuka na kuangushana kama magunia, kamba ikawaponyoka wote. Nikaona mawe yanakuja, nikakuita wewe, si mungu yeyote. Kisha mkanda ukanikata kiuno, nikasimama hewani, pua yangu inanusa vumbi la ua.

Nilipogeuza kichwa nikamwona Obulesu peke yake, amelala chali, miguu ameikita kwenye ngazi ya jumba, kamba imezama mikononi mwake na inavuja damu. Ilikuwa imeteleza hadi ngozi yote ikaenda nayo, na hakuiachia. Watu wanakimbia huku na huku wanapiga mayowe, naye ananitazama, jasho linamtoka, anasema polepole, "Kaka, punguza wali."

Jioni walitaka nilale kwenye jeneza la miti, kwa ajili ya maziko ya yule mtu wa adui ninayemwigiza. Nikafungwa kitambaa kidevuni, nikarushiwa maua, na mwigizaji mmoja akaanguka kifuani pangu akilia, analia kama ulivyolia wewe siku ya maziko ya baba. Huku tuna desturi: aliyelala kama maiti haondoki mpaka ainuke na kucheka mbele ya kamera, ili mkosi usimfuate nyumbani. Basi wakaniambia niinuke nicheke. Nikainuka, nikashindwa. Mimi! Machozi tu. Watu zaidi ya mia wamesimama na njaa zao, hakuna anayethubutu kuzima taa, mzee Jaleel ananibembeleza kama bwana harusi aliyenuna. Obulesu akajipenyeza kutoka kwa mganga, mikono imefungwa vitambaa mithili ya mabumunda mawili, akaniinamia.

"Cheka, kaka," akasema. "Ukifa kweli sasa hivi, mimi mikono ya kukudaka mara ya pili sina."

Nilicheka hadi jeneza likavunjika.

Tangu siku hiyo anakaa kwangu, maana hawezi kujifungulia hata mlango. Namwogesha, namvalisha, ananituma kama mke mpya. Na kula, Dada, namlisha mimi. Kwa mkono huu huu ninaoandikia namlisha mtoto wa Veeranna tonge kwa tonge. Nimekuambia.

Na ombi ndilo hili. Mama yake anataka kurudi kijijini, akalale kwenye nyumba yake hata kama ni ukuta mtupu, kabla kifua hakijammaliza. Aliwahi kutuma watu kuuliza, na wazee wakamjibu kwamba atarudi siku nyumba yetu itakapowapa maji. Unajua kwetu, nyumba zenye damu kati yake hazipeani hata funda. Sikumwahidi kitu. Mimi nimesamehe la kwangu, lakini siku ile nilikuwa mtoto nimeshika pindo la sari yako. Wewe ndiye uliyemwosha baba. Hilo siwezi kulisamehe kwa niaba yako.

Barua hii sikuitia posta. Yule kijana mrefu aliyekuletea, aliyesimama nje ya ua na vitambaa mikononi kwa sababu nimemkataza kuvuka kizingiti bila kuitwa, ndiye Obulesu. Nimemkataza pia kusema neno. Ukiona huwezi, mrudishie karatasi hizi, ataelewa, atapanda basi. Naye hatanung'unika, na mimi nitabaki mdogo wako vile vile, wala sitakuuliza hata siku moja. Lakini ukiona unaweza kumpa maji, ujue vidole vyake bado havikunjiki, na kikombe hawezi kukishika. Itabidi umnyweshe wewe, kwa mkono wako.

Nisalimie shemeji na watoto, na kila anayeniulizia, na asiyeniulizia mwambie nimemsalimu zaidi. Goti lipake mafuta ya moto kila asubuhi.

Ni mimi mdogo wako, uliyemkataza kufa,

Maddileti