Mtani wa Kwenye Kishikwambi

Mpendwa Bi Taraivini, niokoe mama yangu, na ukicheka tafadhali cheka kidogo, maana wenzangu hapa sokoni wamecheka mpaka basi na mimi nikacheka nao, halafu nikarudi nyumbani nikalia.

Mimi ni mwuza magimbi hapa mjini Savusavu, mtu wa kijiji cha Naqalivu, nina binti mmoja, Kelera, wa miaka kumi na mmoja, ambaye shangazi yake wa Brisbane alimletea kishikwambi cha kusomea, na kweli anasomea, lakini akimaliza anacheza ule mchezo wa kujenga visiwa na watoto wenzake wa huko na huko, nami nilikuwa nimemfundisha vizuri kabisa asiongee na mtu tusiyemjua. Sasa wiki mbili zilizopita akaingia mtu mle mchezoni, akaona Kelera amekipa kisiwa chake jina la kijiji chetu, basi akaanza: "Nyie wa Naqalivu, masikio kama ya popo, nani kawafundisha kusoma?" Bi Taraivini, unajua mwenyewe, duniani wanaotutukana hivyo ni watu wa aina moja tu, tauvu wetu wa kijiji cha Vunidamu, yaani watani wetu tangu enzi za mababu, ambao wakiingia kwako wanakutukana, wanabeba wanachotaka, na wewe huruhusiwi hata kununa.

Nikafurahi! Nikamsukuma mtoto pembeni nikaandika mwenyewe, "Kimya wewe wa Vunidamu, nyie mnaoanika samaki kwenye mvua," yeye akajibu, mimi nikajibu, chakula kikaungua jikoni, wala sikujali, nikamwambia Kelera, "Huyu si mgeni mwanangu, huyu ni mtani, mwache tu." Kesho yake akaandika, "Tauvu, naiba picha yako, ilete," na mimi, Mungu anisamehe, nikasema mpe, mtani hanyimwi, na Kelera akatuma ile aliyovaa sare ya shule.

Ijumaa Kelera akaniletea kishikwambi jikoni, uso umemsawajika. Yule mtu alikuwa ameandika: "Tafadhali ingia chumbani peke yako, washa kamera, na usimwambie mama." Mtoto akasema, "Mama, huyu siyo tauvu. Tauvu hasemi tafadhali."

Hapo badala ya kumkumbatia mwanangu nikapandwa na mashetani, nikampokonya kishikwambi, nikamfokea kwamba haya ndiyo matunda ya michezo na hatakigusa tena mpaka aolewe, na asubuhi ya Jumamosi nikakitia mkobani, nikashika ufagio, nikaenda na Kelera sokoni moja kwa moja mpaka meza ya mzee Waisale, maana ndiye mtu wa Vunidamu pekee pale, nikamtandika mgongoni mara tatu. "Mnawatuma watu kwa watoto wetu!" Bi Taraivini, mzee alifurahi! Aliruka, akapiga makofi, "Hatimaye! Miaka ishirini nakaa na nyie masikio ya popo, hakuna aliyenitandika vizuri hivi!" Kisha akaja mezani kwangu akabeba fungu kubwa kuliko yote, anatangazia soko zima, "Naiba! Jamani tazameni, naiba!" Watu hoi. Ni pale nilipotoa kishikwambi nikamwonyesha yale maneno ndipo kicheko kilipomkauka. Aliyasoma mara mbili. "Huyu si wetu," akasema. "Sisi tunaiba mbele za watu."

Sasa dada yangu Litiana anasema kishikwambi kivunjwe kwa jiwe, mimi nasema kifungiwe kabatini, na Kelera hasemi na mtu. Jana nilimuuliza kama kuna mwingine aliyewahi kumwandikia mambo kama yale, akaniangalia, akasema, "Nikikwambia ndo nanyang'anywa. Basi, siku nyingine nanyamaza." Nifanyeje, Bi Taraivini? Naogopa.

Vasemaca, Savusavu

*

Vasemaca,

Nimecheka. Kwenye ufagio nimecheka mpaka mhariri wa gazeti akaja kuuliza kulikoni. Sasa nimemaliza, na wewe kaa chini.

Aliyemkaribisha yule mtu ni wewe. Mtoto alikuwa na kanuni, asiongee na wasiojulikana, nawe ukaivunja kwa shangwe kwa sababu mtu kakuita masikio ya popo. Mama, matusi yetu hayana kufuli! Kila arusi yanatangazwa kwa kipaza sauti, yeyote anaweza kuyaokota na kuyavaa. Mtani hatambulikani kwa tusi. Anatambulikana kwa sura yake, na kwa baba yake, na kwa kuja mchana kweupe akakuta watu. Binti wa miaka kumi na mmoja ameling'amua hilo kwa neno moja, tafadhali. Huyo mtoto ana akili, sijui karithi kwa nani.

Usijilaumu hadi ukashindwa kufanya kazi, maana kazi ipo, tena ya leo. Usifute hata herufi moja. Pigeni picha maneno yote yalivyo kwenye kioo, kisha uyapeleke polisi, na mwombe mzee Waisale aende nawe akathibitishe kuwa Vunidamu hawana mtu huyo. Atakutukana njia nzima, mvumilie. Waandikie wenye kuuendesha mchezo wamjue, ndipo umzuie asimwandikie Kelera tena. Usimjibu, Vasemaca, hata tusi moja dogo, najua mkono unakuwasha. Mwalimu mkuu aambiwe, kwa kuwa picha ina sare na sare ina jina la shule, na kwa siku hizi Kelera asirudi peke yake. Jina la kijiji litoke kwenye kile kisiwa.

Jiwe la dada yako alitumie kuvunjia nazi. Ukikivunja kishikwambi mtoto atacheza kwa rafiki yake, ambako humwoni. Kirudishe. Kikae sebuleni, na wewe ujifunze huo mchezo, ujenge kisiwa chako. Mfundishe kanuni moja inayokaa kichwani: anayesema "usimwambie mama", mama ndiye wa kwanza kuambiwa. Iwe ni mgeni, iwe ni shemasi, iwe ni mjomba, na tauvu wa kweli pia yumo. Kwa watu wetu hili ni gumu, maana tumewalea watoto wasimkatalie mtu mzima. Mruhusu akatae. Mwambie hivyo kwa mdomo wako, asibahatishe.

Lakini hayo yote si kitu kama hutarekebisha lile la jikoni. Kelera alikuja kwako na hofu yake mikononi, akaondoka na adhabu. Amefanya hesabu, na hesabu yake ni sahihi: kusema kunaumiza. Siku atakayokuja mjanja zaidi, asiyesema tafadhali, hakuna polisi wala kabati litakalomsaidia binti yako, ni yeye kukimbilia kwako tu.

Basi leo, kabla ya chakula, kaa naye. Mwambie, "Ulifanya vizuri kuniambia. Mimi ndiye niliyekosea." Halafu nyamaza umsikilize. Hilo la mwisho ndilo litakalokushinda, kwa hiyo anza mazoezi sasa hivi.

Bi Taraivini