Uliwapa Maneno ya Jikoni Kwetu

Kwako Trésor, mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nikusemee mbele ya wakwe siku ya mahari, kama kaka mkubwa anavyopaswa. Umeandika "yaya", kaka yangu, kila mstari, mwishoni ukaweka emoji za kucheka. Tangu fainali hujakanyaga nyumbani Laeken, hujanipigia hata simu, halafu leo unanichekea. Mkavu wa macho, wewe! Bon. Nakujibu, na nakujibu hadharani, kwa sababu ulichonitenda ulikitenda hadharani.

Unakumbuka tulivyojiunga na timu ya chuo? Mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai. Tonton, mjomba wetu wa mtaa wa Matonge, alicheka hadi akashika meza: "Batoto ba Bukavu, munaenda kupigana na Wazungu juu ya yai?" Mimi nikawa mrushaji, wewe mkimbiaji. Kabla ya kila shambulio mrushaji hupaza sauti na kutaja neno la siri, wenzake wajue la kufanya na wapinzani wasielewe. Timu nyingine zilitumia namba na rangi. Wewe ndiye uliyesema, tukiwa mezani, "Yaya, tutumie chakula ya maman."

Basi "sombe", kisamvu chetu, ikawa kusukumana katikati, na "lengalenga", mchicha, kupita kushoto. Na "sambaza"! Maman alitufukuza jikoni kwa kelele za kicheko: samaki wadogo wa ziwa letu, na papo hapo amri ya watu wote kutawanyika. Nani mwingine Ubelgiji nzima angeng'amua hilo? Halafu lile la siku ngumu, "Maman anaita." Nikilitamka, najifanya narusha mbali, kumbe mpira nimeshakupa mkononi, nawe unachomoka katikati vile tulivyokuwa tukichomoka utotoni akitokea mlangoni: "Batoto, mukuye mukule!" Hukushikwa hata mara moja. Hata yule Mflamandi mnene aliyenilinda mbele alijifunza kulitamka, vibaya kweli, na maman akampenda kwa hilo.

Msimu huu ulikuwa wangu wa mwisho. Namaliza masomo, kazi ya hospitali kule Jette inaningoja. Tulishinda kwenye mvua, tukashinda kwenye matope, na katikati ya msimu ukahamia chuo cha upande wa pili wa mji. "Yaya, njo masomo tu," uliniambia, kwamba ni masomo tu yaliyokuhamisha, mkono begani kwangu. Baadaye nikakuona pichani na jezi yao. Iliniuma, lakini nilimeza. Nilisema kijana anataka kucheza, acha acheze.

Tukafika fainali, na waliokuja mbele yetu ni hao hao wako. Kocha akanivuta pembeni. "Il faut changer les mots," akasema, tubadilishe maneno, Trésor anayajua yote. Nilikasirika mimi! Nilimwambia hatujui sisi. Mdogo wangu avae jezi yoyote aitakayo, lakini hawezi kuuza maneno ya mama yake. Nilisema hivyo mbele ya timu nzima, na wote wakaniamini.

Shambulio la kwanza nikaita "Lengalenga!" Nikasikia sauti yako kutoka pembeni mwa uwanja: "À gauche!" Kushoto! Nikadhani umebahatisha. "Sombe!" "Au milieu!" Katikati, na ukuta wao ukatuangukia. Nilipoita "Sambaza" ulikuwa umeshawatawanya na wao. Wenzangu wakaanza kunitazama, donc nikatazama chini. Hata hapo, mjinga mimi, nikajiambia lile moja hatalitoa. Mwishoni kabisa, tukiwa nyuma kidogo tu, nikapaza sauti: "Maman anaita!" Ukanyoosha kidole katikati na kuwaambia. Yule aliyechukua nafasi yako alizama chini ya rundo la watu. Shambulio lililobaki nililiita kwa Kifaransa, kila mtu akaelewa, tukashindwa.

Maman alikuwa jukwaani, Trésor. Kwenye metro aliniuliza, "Ni Trésor njo aliwaambia?" Nikainamia begi langu. Akageukia dirishani.

Wewe ulinifuata na jasho lako, ukaniambia, "Iko tu mchezo, yaya." Mchezo? Jezi chukua, kombe chukua, nafasi yangu hata ungeichukua ningekupigia makofi. Yale hayakuwa maneno ya timu; yalikuwa ya jikoni kwa maman, timu tuliiazima tu. Umenisaliti. Naliandika neno hilo wazi, na linanichoma kila nikikaa mezani na maman, kiti chako kitupu.

Sasa mahari yako. Nitakuja, kwa sababu maman ameniomba. Nitavaa suti, nitawasalimia wakwe, nitakula, na nikiombwa kucheza nitacheza. Lakini watakapouliza nani anamsemea kijana huyu, nani anatuhakikishia kwamba ni mtu wa kuaminika, usinigeukie. Nilishakusemea mara moja, mbele ya watu walioniamini. Safari hii tafuta mtu asiyekujua.

Ubaki salama huko uliko.

Yaya wako, wa tumbo moja.