Ukingo wa Ziwa na Njia Moja ya Ng'ombe

Gendabi,
Hanang, Manyara.
8 Juni 2025

Mpendwa Kaka Felician,

Shikamoo kaka. Poleni na joto la Pangani. Wifi Scolastica hajambo? Na watoto, wanaendelea vizuri na shule? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi imeshuka kutoka mlimani na tumeshaanza kulala na blanketi mbili mbili.

Barua yako ya Pasaka niliisoma mara nyingi. Ulisema bahari imekula ufukwe hadi minazi ya jirani yako imelala chini, na kwamba mnapanda mikoko ili mizizi yake ishike tope. Sikujua kama nitayakumbuka maneno hayo nikiwa nimezama matopeni hadi kiunoni.

Unalikumbuka shamba letu la maharage kando ya ziwa dogo. Shemeji yako Tluway alikuwa analima mpaka majini, na ng'ombe wa jirani yetu, Mzee Gidamis, wanashuka kunywa popote wanapotaka. Kila masika ukingo ulimeguka, hata sauti za vyura zikapotea. Tluway alisema ni kwato za ng'ombe. Mzee alisema ni jembe la Tluway. Mwaka huu Tluway akaziba ukingo wote kwa miiba, na salamu zikakatika. Hata mke wa Mzee, aliyezoea kuniletea maziwa, akawa anapita njia ya mbali.

Basi mwezi wa nne, asubuhi baada ya mvua kubwa, ng'ombe mmoja wa Mzee, mtamba, alipenya kwenye miiba. Ukingo ukaporomoka naye, pamoja na maharage yetu, akanasa kwenye tope. Mzee alikuwa peke yake, anapiga kelele. Nikatoka mbio. Nilidhani Tluway atabaki nyumbani na hasira zake. Kaka, alinipita njiani, kamba mkononi!

Tuliingia topeni, tukavuta hadi viganja vikachubuka. Mtamba alipochomoka ghafla, wote watatu tukaanguka chali. Mzee akamtazama Tluway, mwili mzima matope, akasema, "Sasa mkulima ni nani na mfugaji ni nani?" Tulicheka mpaka tukashindwa kuinuka.

Hapohapo nikawasimulia habari za mikoko yako.

"Mikoko haioti huku," akasema Tluway.

"Na matete je? Si yana mizizi?"

Mzee akatikisa kichwa. "Mama Judica, ng'ombe wangu lazima wanywe."

"Watakunywa, baba. Tuwatengenezee njia moja."

Haikuwa rahisi. Sheria ya kutolima karibu na maji kila mtu aliijua, hakuna aliyeifuata. Kwenye kikao cha kijiji watu walibishana hadi jua likawa la utosi, kila mmoja akimtaka mwenzake aanze. Ndipo Tluway akasimama akasema ataanza yeye kuliacha shamba la chini. Aliketi bila kunitazama. Najua ilivyomuuma, maana ndiyo ardhi yetu nzuri kuliko yote.

Sasa tumehamishia mazao juu. Wana wa Mzee wamesomba mawe na kutandaza njia ya ng'ombe hadi majini, nasi tumepanda matete na miti pande zote mbili. Mke wa Mzee na mimi tulipanda pamoja, yeye akiimba kwa lugha yake, mimi nikiitikia nisichokielewa. Mvua za mwisho zilipiga kweli, lakini ukingo ulisimama.

Juzi jioni Tluway hakuja kula. Nikamfuata, nikamkuta ameketi juu ya ukingo, jembe limelala pembeni. Nikamuuliza kuna nini.

"Nyamaza kidogo," akaninong'oneza. "Vyura wamerudi."

Nikakaa naye, ugali ukapoa.

Mama yuko Dongobesh, ni mzima na anakuombea. Judica anakuamkia. Wabusu Ezekiel na Jenifa kwa niaba yangu. Mungu awalinde, na mikoko yenu ishike.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Marieta