Jina la Mama Ukumbini

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla koo halijanikauka.

Mimi ni mhadhiri, kazi yenye heshima barabarani na vumbi la chaki ofisini, ofisi yenyewe tuko watatu na viti ni viwili, kwa hiyo anayechelewa huenda darasani apende asipende, vikao haviishi, mitihani ya kusahihisha inanifuata hadi kitandani, na kila muhula yuko mwanafunzi wa kunililia alama ambazo hakuzitafuta, lakini siku ya mahafali nayasahau yote kwa sababu mimi ndiye msoma majina, na mwaka huu kati ya wahitimu yumo mama yangu mzazi, aliyeacha shule alipopata mimba yangu, akarudi kusoma mimi nikiwa na mvi, akakataa katakata nimpe hata dokezo, na amefaulu kuliko nilivyofaulu mimi, najivuna hadi vifungo vya shati vinalalamika, ila mshauri, tangu nijue kusema sijawahi kulitamka jina lake, kwetu mzazi haitwi jina, jana nilijaribu bafuni ulimi ukagoma, mwenzangu wa ofisini akasema, "Nipe mimi nimsome, mzee, usije ukatuangukia jukwaani," nikamweleza mama, akanijibu huku anapiga pasi joho lake, "Akisoma mwingine, mimi sipandi." Nifanyeje?

JIBU

Mwanangu mhadhiri, hongera na pole. Hongera ni ya mama. Wewe chukua pole.

Hebu fikiri, tangu siku alipoacha shule ameitwa nani? Sokoni ni mama fulani, hospitali mama fulani, na huyo fulani ni wewe. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki darasani. Amelifuata huko huko, amelipata, sasa wewe uliyemfanya aliache unatuambia ulimi mzito? Ulimi unaotaja ukumbi mzima wa watoto wa watu?

Adabu si woga. Jioni ya leo nenda kwake, kaa chini, mwombe ruhusa. Atakupa, labda na kicheko juu. Kisha msomee pale pale mpaka aseme umepatia, maana naye hajawahi kulisikia kinywani mwako, itabidi azoee.

Siku yenyewe soma polepole, jina lote, na la babake. Usikohoe, usichomeke "mama" katikati. Akishapita, anayefuata angoje kidogo. Jifute macho mbele ya makamu mkuu wa chuo na majoho yote, na wakikuuliza, sema ni vumbi la chaki.