Alama Kifuani mwa Nyapara

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanao, na kuliko wote zimfikie Mama. Natumaini goti lake limetulia na kwamba bado anakukosoa namna unavyokunja nguo. Mimi mwili hauna neno. Yasiyo ya mwili nitayaeleza kwa utaratibu, nawe univumilie, maana ni wewe uliyesema kwamba mdogo wako hawezi hata kuomba chumvi bila kuanza na utangulizi.

Mji wetu wa zamani usingeutambua. Ile reli uliyokatazwa kuichezea imemezwa: nusu imefunikwa na vibanda vya soko, nusu imeota magugu nyuma ya shule. Mataruma yake yamekuwa miimo ya milango ya watu, na fundi viatu wa hapa kwetu anagongea visigino juu ya kipande cha reli alichokikata kwa msumeno. Nilipomwambia kwamba anatumia mali ya historia, alinijibu kwamba historia haijawahi kumletea kiatu. Nilibishana naye kwa muda wa saa nzima. Unanijua.

Unajua pia kwamba halmashauri ya mji iliniomba niandike kitabu kidogo cha kumbukumbu za reli hiyo, na kwamba Jumamosi ijayo watazindua kibao chenye jina la Baba kwenye jukwaa la stesheni. Mimi Baba sikumjua. Siku anakufa nilikuwa mgongoni mwa Mama, nawe ulikuwa na miaka tisa. Basi nilikubali kazi ile kwa kiburi ambacho wakati huo nilikiita upendo.

Kwanza uelewe kanuni ya njia ile. Kati ya mji na machimbo ya mawe palikuwa na reli moja tu, na kwa reli hiyo palikuwa na pete moja ya chuma, pana kama mdomo wa ndoo. Aliyekuwa na pete ndiye mwenye njia. Asiye nayo hakuruhusiwa kuondoka. Aliyeitunza pete hiyo stesheni ni yule ambaye mji mzima ulimwita Mzee Bendera, rafiki wa Baba wa kufa na kuzikana. Siku ya ajali gari moshi alilokuwa akiliendesha Baba lilikivaa kiberenge cha mafundi wa reli kwenye kona ya machimbo. Walikufa watu saba, Baba akiwemo, na nyapara wa mafundi. Pete ilikutwa imening'inia ndani ya kichwa cha gari moshi. Mzee Bendera aliwaambia wachunguzi kwamba yeye ndiye aliyempa Baba pete, akiwa amesahau kwamba alikwisha kuwaruhusu mafundi kwa mdomo tu. Akafukuzwa kazi. Mwaka uliofuata reli ikafungwa.

Nilimkuta akitengeneza miavuli kwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Vijana waliompelekea miavuli hawakujua aliwahi kuwa nani. Mji ulikuwa umemsahau, na nadhani kusahauliwa huko ndiko kulikompa usingizi. Alinitazama, akasema nina masikio ya baba yangu na mdomo wa mtu mwingine kabisa. Nilipomuuliza juu ya ajali alisema niandike kwamba ni yeye, kama ilivyoandikwa, kisha nimwache, kwani ana miavuli sita na mawingu yameshakusanyika.

Nikaandika. Niliipa sura hiyo kichwa cha maneno "Mkono Uliosahau", na niliipenda kila sentensi yake. Siku ya kusomwa kitabu ukumbi ulijaa, na watu walilia. Kesho yake kinyozi alimwambia Mzee Bendera kwamba kiti kina mtu, na kiti kilikuwa kitupu. Wenye miavuli walikuja kuichukua ikiwa haijatengenezwa. Mtu fulani aliandika idadi ya maiti kwa mkaa mlangoni pake: saba. Niliuona mkaa huo mwenyewe nilipopita, nikajiambia kwamba ukweli una bei yake. Maneno mepesi hayo, Dada, mdomoni mwa asiyeilipa.

Wiki ya tatu muuza maji alibisha mlangoni asijibiwe. Walipovunja kufuli walimkuta kitandani, amekwisha kufa tangu siku mbili. Jeneza lilibebwa na watu wanne, mimi mmojawapo, wala hapakuwa na wa tano wa kutupokea zamu.

Sasa nifike pale ambapo kalamu imekuwa ikizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Sikukueleza yote.

Nilirudi kwa Mzee Bendera mara ya pili kabla kitabu hakijachapwa. Hadithi yake ilikuwa na tundu: mtu aliyeitunza pete miaka kumi na tisa hawezi kuruhusu kiberenge kwa mdomo. Nilimbana kwa hoja, kama ninavyowabana watu, mpaka akachoka akanieleza. Baba hakupenda kusimama stesheni. Mzee Bendera alikuwa akiitundika pete mlingotini, naye Baba akiidaka kwa mkono gari likienda, na watu jukwaani wakimshangilia. Mara nyingine aliikosa, pete ikaanguka. Basi wao wawili wakaweka desturi yao kwamba pete iliyokoswa ihesabiwe kuwa imedakwa. Siku ile mlingoti ulikuwa mtupu, kwa kuwa pete alikuwa nayo nyapara, ameivaa begani, na kiberenge chake kilikuwa tayari njiani. Mzee Bendera alipunga bendera nyekundu mpaka mkono ukamteguka. Baba alinyoosha mkono, akashika hewa, akacheka, akapita. Alidhani ameikosa kama siku nyingine, na kwamba bendera ni ya kumwambia hivyo. Mzee Bendera alikimbia kwa miguu hadi kwenye kona. Alikuwa wa kwanza kufika. Aliivua pete kwenye mwili wa nyapara, akaitundika mbele ya kiti cha Baba, ili Mama asinyimwe kiinua mgongo cha marehemu akiwa na watoto wawili. Alisema desturi ilikuwa ya wawili, na mmoja alikuwa ameshalipa.

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia kwamba ushahidi usio na maandishi ni porojo za wazee.

Siku nne baadaye mjane wa nyapara, ambaye ni fundi cherehani, aliniita kibandani kwake. Alisema amesikia ninaandika, na kwamba katika miaka yote hii hakuna aliyemuuliza kitu. Alimwosha mumewe mwenyewe. Kifuani palikuwa na duara, limejichora toka bega hadi mbavu, kamili kama kwa kalamu. Akanichorea hewani kwa mkasi. Nilimshukuru, nikafunga daftari, na kesho yake nikapeleka kitabu kiwandani bila kubadili hata nukta. Nilijua, Dada. Nilijua nikachapa, kwa sababu nilimtaka baba yule wa kwenye kibao.

Tulipokuwa tukimwandaa Mzee Bendera kwa maziko nilikuta amevaa sweta la kijani. Ukosini palikuwa na mshono wa uzi mwekundu, ule ambao Mama hutia katika kila nguo yetu ili isipotelee kwa majirani. Unakumbuka kifurushi alichokuwa akikituma kila mwaka, nawe ukimtania kwamba ana mchumba? Kumbe Mama alijua siku zote, na sisi wenye elimu ndio tuliokuwa gizani.

Jumamosi nitakwenda jukwaani. Nimewaambia halmashauri kwamba nitasoma, ila sijawaambia nitasoma nini. Mjane wa nyapara amekubali kusimama kando yangu. Alisema hasimami kwa ajili yangu. Msije kwa ajili ya kibao, maana nikishasoma sidhani kama kitabaki ukutani. Msomee Mama barua hii mkiwa wawili tu. Hana haja ya kunijibu.

Wasalimie wote, na watoto uwaambie mjomba yupo. Na Mama akiuliza kama alizikwa vizuri, mwambie hatukumvua sweta.

Ni mimi mdogo wako,
yule mliyempachika jina la Profesa.